Kabla ya Kutoa Futi Kamba: Kwa Mtoa Tiba kwa Vitendo Anayeanza Kazi ya Majumbani

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, mara nyingi faili lake huwa na alama za kipimo cha Barthel, kinachoonesha mtu anajimudu kiasi gani katika shughuli za kila siku, ambacho tangu kilipochapishwa mwaka 1965 kimeendelea kupendwa kwa sababu ni chepesi: vipengele 10, alama 100, basi. Alama hizo zisikuhadae. Aliyepata 90 kwenye choo cha kukalia cha hospitali, penye sakafu kavu na taa inayowaka usiku kucha, huenda anarudi kwenye nyumba ambayo choo chake ni cha shimo, kiko ng'ambo ya ua, na njia ya kukifikia inapita kando ya karo la kufulia. Isitoshe, kipimo hicho hakiulizi kama anaweza kupika. Kwa hiyo ninakushauri, wewe unayetoka chuoni, kwamba ufikapo nyumbani kwa mgonjwa usipime chochote mpaka umemwona akitenda.

Nafasi ya kumwona haipatikani kirahisi. Bibi wa miaka 70 hatamwonesha kijana asiyemjua namna anavyojisaidia, na hata ukianza kwa shikamoo na kukaa barazani kwa heshima zote, atakujibu kwamba hana shida yoyote. Usibishane naye. Mwombe akupeleke hadi chooni mchana, akiwa amevaa nguo zake zote na tundu likiwa limefunikwa, achuchumae kama anavyochuchumaa kila siku kisha ainuke, na awepo mtu ambaye yeye mwenyewe amemchagua, kwa maana si kila mkwe anafaa kusimama pale. Tazama mkono wake unakwenda wapi kabla hajainuka. Ukiona kila mara unatafuta fremu ya mlango au ukingo wa pipa la maji, mwili wake umeshakuonesha mahali pa kuweka kishikio.

Kisha uliza saa. Choo kinachofikika saa nne asubuhi huwa ni safari nyingine kabisa saa tisa usiku, umeme ukiwa umekatika, miguu ikinasa kwenye chandarua na malapa hayaonekani. Anayetumia dawa za shinikizo la damu anaweza kupata kizunguzungu akiinuka ghafla, hivyo afundishwe kukaa kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda na tochi chini ya mto huwasaidia wengi kuliko ujenzi wowote, ingawa ndugu hawapendi kusikia hivyo wakiwa wamejiandaa kutoa fedha.

Kwa wanaofanya kazi pwani, iwe Tanga, Unguja au Lamu, ninawasihi waangalie udhu kwa makini kuliko hata kuoga. Udhu unaweza kurudiwa mara tano kwa siku, na huishia kwenye kuosha miguu, jambo ambalo kwa wengi maana yake ni kusimama kwa mguu mmoja juu ya saruji iliyokwisha kulowa, huku mguu wa pili umeinuliwa kuelekea bombani. Mzee mwenye goti bovu hufanya hivyo alfajiri, kabla viungo havijalainika. Jenga kibaraza cha kukalia mbele ya bomba, kimo chake kikiwa sawa na umbali wa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake akiwa amevaa malapa, na ukiongeze sentimita chache kama mapaja yamedhoofika, ilimradi nyayo zikanyage chini barabara. Mwambie fundi asipige niru, yaani asiilainishe saruji, sehemu ile, bali aiburuze kwa ufagio saruji ikiwa bado mbichi. Kwamba anaweza kuswali akiwa amekaa kitini analijua mwenyewe. Kazi yako ni kiti, si fatwa.

Kuhusu vishikio, bomba la chuma la inchi moja, ambalo kwa nje lina takriban milimita 33, linakamatika vizuri, ilhali lile la inchi mbili, ambalo fundi wa kuchomelea atakushawishi kuwa ni imara zaidi, ni nene mno kwa kiganja kilichodhoofika. Kwenye ukuta wa udongo usitegemee skrubu. Simika nguzo sakafuni na uimwagie zege. Kumbuka pia kwamba aliyepooza upande wa kushoto hushika kwa mkono wa kulia, lakini kishikio kilicho kulia kwake anapoingia kitakuwa kushoto kwake anapotoka. Weka pande zote mbili, au, kama fedha haitoshi, nguzo moja ya wima ambayo mkono mzima unaifikia akiingia na akigeuka.

Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12. Msingi wenye kimo cha sentimita 45 unahitaji mteremko wa mita 5.4, na nyua nyingi hazina nafasi hiyo. Tafuta mlango wa nyuma ulio chini zaidi kabla ya kuagiza kokoto.

Ugumu mkubwa zaidi hutoka kwa wanaompenda. Watoto husema mama amechoka, apumzike, kisha wanamlisha kwa kijiko hali mkono wake wa kulia ni mzima. Zungumza na yule anayetuma fedha, hata kama ni kwa simu, umweleze kwamba kumwachia mama kuchambua mchele juu ya meza ni sehemu ya tiba. Jiko la mkaa linaweza kuinuliwa juu ya matofali ili apike akiwa amekaa, isipokuwa kama mkono umepoteza hisia, kwa sababu hatajua kwamba sufuria inamuunguza.

Baada ya wiki chache rudi ukaangalie. Kishikio kilichoanikwa kanga ni dalili kwamba hakitumiki. Uliza sababu bila kumlaumu mtu. Mara nyingi chuma kinachoma kwa jua la mchana, na hapo kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kinatosha kukivisha. Kama kiko juu mno, mwite fundi akishushe siku hiyohiyo, ungali upo.