Vidonge vya chai ya kijani kwa mama anayesahau

Ndugu, umeuliza kama umnunulie mama vidonge vya chai ya kijani kwa kuwa ameanza kusahau. Usinunue. Flavonoidi, kemikali za mimea zilizomo kwenye chai hiyo, hulinda seli za neva maabarani, ila mwilini utumbo na ini huzibadilisha, kidogo tu hufika ubongoni. Utafiti wa COSMOS-Mind, Marekani, uliwapa wazee miligramu 500 za flavanoli (aina ya flavonoidi) za kakao kila siku kwa miaka 3, kumbukumbu haikuboreka. Tena EGCG, flavanoli kuu ya chai ya kijani, ikiwa ya vidonge, kuanzia miligramu 800 kwa siku, inaweza kudhuru ini.

Ukitaka apate flavonoidi, azipate kwenye chakula. Mpikie kitunguu chekundu: menya ganda kavu tu, maana kwesetini, flavonoidi ya kitunguu, imejaa tabaka za nje, na ukikichemsha usimwage maji. Chai anywe saa moja baada ya kula, isizuie madini ya chuma.

Kwanza kabisa apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12.