Kwa anayeripoti saiti ya barabara Dodoma kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu mliopangiwa mafunzo kwa vitendo au ajira ya kwanza kwenye miradi ya barabara huku kwetu, karibuni. Nimekaa maabara za barabara tangu nikiwa kijana wa kubeba magunia ya sampuli begani, na kila anayefika namwambia jambo lilelile: barabara utaikuta katikati, na huenda ukaiacha katikati.

Angalieni Dodoma–Babati. Ni kama kilometa 251, lakini kwenye makaratasi haikuwa barabara moja. Ilikatwa vipande vinne: Dodoma–Mayamaya, Mayamaya–Mela, Mela–Bonga, kisha Bonga–Babati. Viwili vya pembeni vililipiwa na Serikali. Viwili vya katikati, ndivyo virefu, vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA, shirika la maendeleo la Japani. Abiria wa basi alikuwa anapanda lami, anashuka kwenye vumbi, anapanda lami tena, na anatulaani wote kwa mkupuo mmoja. Uzinduzi ukafanyika Kondoa mwaka 2018. Wengi wetu tulioanza nayo tulikuwa tumeshahamia kwingine. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji nayo ni hivyo hivyo. Kilometa 112.3, jiwe la msingi Februari 2022, vipande viwili: Nala–Veyula–Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa, kilometa 52.3, na Ihumwa–Matumbulu hadi Nala, kilometa 60.

Kwa hiyo siku ya kwanza usikimbilie kujifunza majina ya mitambo. Omba mafaili ya kipande chako. Tuta lililopo mbele yako limefukia kazi ya mtu usiyemjua, na pengine aliyelishindilia yuko Kigoma sasa. Kilichobaki chake ni karatasi tu.

Hili nililijifunza kwa aibu. Tulikuwa tumelaza tabaka la kifusi kilichochanganywa na saruji, kama mita mia tatu. Tabaka la namna hiyo linatakiwa libaki na unyevu siku saba, boza la maji linapita na kurudi, ili saruji ikomae. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa na safari ya harusi. Jumatatu asubuhi nikampigia simu dereva wa boza, akaniambia, "Kaka, maji nimemwaga siku zote mbili, usiwe na wasiwasi." Nikajaza fomu, nikasaini. Jumanne mhandisi mshauri akapita kwa miguu, akakwangua juu kwa kisigino cha buti. Likapukutika kama unga wa ulezi. Kumbe boza lilikuwa limeharibika pampu tangu Ijumaa ile ile, na dereva aliogopa kusema. Greda likafumua mita zote mia tatu. Mhandisi hakunifokea. Alinirudishia fomu yangu mkononi, akaondoka. Ningependelea anifokee.

Tangu hapo sisaini nisichokiona kwa macho. Hata bosi akiwa na haraka, hata hati ya malipo ya mwezi ikiwa inasubiri namba zako. Namba inayosubiri haiozi.

Maji ndiyo kitu kinachowashangaza wageni wa Dodoma. Mtu anatoka Mbeya au Bukoba, anaona anga safi, anasema hapa kazi ni mwaka mzima. Siyo. Mvua zetu ni msimu mmoja, tuseme Desemba hadi Aprili, chache lakini za fujo. Korongo ulilolivuka Alhamisi likiwa mchanga mtupu, Ijumaa linabeba mti. Kiangazi nacho kina balaa lake: udongo haushindiliki bila unyevu wa kiwango chake, na upepo wa Julai na Agosti unakausha kifusi kabla rola halijageuza. Ndiyo maana mafomani wazoefu huanza alfajiri. Ukiona wenzako wameshaweka chai saa moja na wewe ndiyo unafika, umechelewa kwa saa mbili.

Kuhusu udongo: utasikia G7, G15. Usitishike, namba hiyo ni kiwango cha chini cha CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba mzigo. Udongo mweusi wa mbugani uogope zaidi. Kiangazi unapasuka mpaka kiatu kinazama ufani, masika unavimba na kuinua kilichopo juu yake. Usiruhusu mtu akwambie "hapa ni kidogo tu, tufunike". Chimbisha shimo uone unaishia wapi.

Halafu wazee wa vijijini. Ukifika, amkia kwanza: shikamoo, na ukiweza mbukwenyi, salamu ya Wagogo. Mzee mmoja alituambia kalvati letu tumeliweka sipo, kwamba maji makubwa hupita upande wa mbuyu, siyo pale. Michoro ilisema vingine. Tulimshukuru, tukaendelea na michoro. Januari maji yakapita upande wa mbuyu, yakaondoka na tuta letu. Siku hizi mzee akisema, naandika jina la mahali na kilometa yake, nampelekea mhandisi siku hiyo hiyo.

Watakuuliza pia habari za X zilizopakwa kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kupisha barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati, ndiyo maana kuna X nyekundu na X za kijani, na fidia zake tofauti. Usimjibu mtu kuhusu nyumba yake au kaburi la baba yake. Si kazi yako, na neno lako litafika kijiji cha tatu kabla ya jioni likiwa limeota mbawa. Mwelekeze ofisi ya mradi.

Mahali vipande viwili vinapokutana, nenda mwenyewe na serveya wenu na serveya wa wenzenu, mkasome pamoja bikoni moja, lile jiwe la alama ya vipimo. Nimeona lami mbili zikikutana zikiwa zimepishana kimo cha kiganja, kila upande unaapa kwamba wake ndio sahihi.

La mwisho ni la dukani. Nunua daftari la jalada gumu, na penseli siyo kalamu, maana wino unafifia juani na ukilowa unatawanyika. Ukihamishwa, liache na anayekupokea. Piga picha kurasa zako kwanza.