Cheki ya dola 750 na mabati ya Katuba

SWALI: Yambo sana Mzee. Mdogo wangu anaishi Denver, jimbo la Colorado, kule Marekani. Mwaka 2022 alipokea cheki ya dola 750 kutoka kwa leta (serikali) ya huko, wala hakuomba. Anasema mwaka 1992 raia walipiga kura kwamba kodi ikizidi kipimo irudishwe. Alitutumia sehemu, tukaezeka nyumba ya mama. Sasa mama halali. Anasema pesa ya leta haitoki bure, siku moja wataidai. Na mimi nina langu: sisi wa Haut-Katanga tukikusanya sahihi, hatuwezi kupigia kura kodi ya lupango, yaani ya kiwanja na nyumba?
— Ya Ilunga, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ya Ilunga, nianze na lako. Mama nitamfikia.

Mdogo wako hakudanganya. Kanuni ile inaitwa TABOR, kifupi cha Kiingereza cha «Hati ya Haki za Mlipa Kodi», na imo ndani ya katiba ya Colorado, kwa hiyo bunge la jimbo haliwezi kuifuta peke yake. Inasema mapato ya jimbo yasikue haraka kuliko kupanda kwa bei na kuongezeka kwa watu. Kinachozidi kirudi kwa raia. Tena hakuna kodi mpya bila kura. Jambo linalonifurahisha mimi ni dogo: swali la kuongeza kodi ya jimbo lazima lianze, kwa herufi kubwa, na kiasi chenyewe: je, kodi za jimbo ziongezwe dola kadha wa kadha kila mwaka? Mtu anaona bei kabla hajaona sifa za bidhaa.

Usidhani lakini kwamba wote wanafurahi. Mwaka 2005 raia haohao walikubali jimbo libaki na ziada kwa miaka mitano, maana hazina ilikuwa imekauka.

California ndiko utaona vizuri kura moja inavyoweza kukaa miaka mingi ndani ya mfuko wa mtu. Juni 1978 walipitisha Proposition 13, yaani pendekezo namba 13 lililopigiwa kura na raia. Kodi ya nyumba isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo kwenye makaratasi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mwenye nyumba wa zamani akapumua. Lakini miji na wilaya zilipoteza zaidi ya nusu ya mapato ya kodi hiyo, zikakimbilia hazina ya jimbo, na anayekulisha ndiye anayekupangia. Raia walitaka kuipunguzia leta nguvu, kumbe waliihamisha kutoka mjini kwao wakaipeleka Sacramento, makao makuu ya jimbo. Sisi wa mikoani tunaujua wimbo huo.

Halafu mahakama. Mwanamke mmoja alinunua nyumba Los Angeles mwaka 1988 kwa dola 170,000. Kodi ikamjia kama dola 1,700, karibu mara tano ya majirani wenye nyumba kama yake, kwa sababu tu wao walitangulia kununua. Akashitaki mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1992 akashindwa, majaji wanane kwa mmoja. Mara nyingine kura ndiyo inayoshindwa: Proposition 187 ya mwaka 1994, iliyotaka kuwanyima wahamiaji wasio na hati shule na huduma nyingi za leta, ilipata asilimia 59, na bado mahakama ya shirikisho ikaizuia.

Sasa huku kwetu. Nitakujibu wazi: hapana. Katiba yetu ya 2006 inasema mamlaka ni ya wananchi, na wanaitumia kwa kura ya maoni au uchaguzi (kifungu cha 5). Kifungu cha 218 kinaruhusu raia 100,000 kutia sahihi ombi na kulipeleka kwenye mojawapo ya mabaraza mawili ya bunge. Lakini hilo ni kwa kurekebisha katiba tu, si kodi. Kodi inawekwa kwa sheria, ndivyo kifungu cha 174 kinavyosema. Kodi ya lupango ni ya jimbo (kifungu cha 204), kwa hiyo mlango wako ni mbunge wa jimbo. Ukutane naye kabla edikti (sheria ya jimbo) ya bajeti haijapita. Ikishapita utampigia kelele ya bure.

Na mimi, ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuleta kutoka huko, nisingechagua kura. Ningechagua kile kijitabu ambacho wapiga kura wa California wanatumiwa, hasa ukurasa wa wachambuzi wa bajeti wa bunge lao. Mwaka 2024 waliulizwa kama jimbo likope dola bilioni 10 za kukarabati na kujenga shule. Ukurasa ukasema: kulipa deni ni kama dola milioni 500 kila mwaka, miaka 35. Chukua kalamu, Ya Ilunga: bilioni 10 zinarudi zikiwa bilioni 17.5. Walilijua hilo, wakakubali.

Nilikaa miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha la ofisi moja ya kodi mjini humu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kamalondo, risiti zake zote alizifunga ndani ya sacheti ya maziwa ya unga, ya zamani chini, ya mwaka huo juu. Siku moja akaniuliza: «Baba, sisi wote tukilipa hii ya lupango, inafika ngapi?» Nikagonga muhuri, nikamrudishia karatasi. Sikujua. Nilimuuliza mkubwa wangu jioni, naye hakujua.

Haya, mama yako. Mwambie ile 750 haikuwa mkopo wala zawadi. Ilikuwa kodi iliyokwisha kulipwa, ikazidi kipimo, ikarudi. Hakuna atakayekuja Katuba kung'oa mabati. Ila aangalie misumari kabla ya mvua za Novemba, maana hiyo haimo katika katiba ya Colorado.