Sufuria Ndogo Baada ya Pilau

Swali lenu la wiki hii linauliza: “Sikukuu zinapowadia, unaifanyaje nyumba yako inukie kwa kutumia vitu vilivyomo jikoni mwako?” Ninajibu nikiwa mpangaji wa vyumba viwili na sebule huko Tabata, Dar es Salaam, ambako dirisha la jikoni linatazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuweza kuugusa, na kwa sababu hiyo kila kinachopikwa kwangu hubaki kwangu.

Lugha yetu imetenganisha kunuka na kunukia, na mimi nimejifunza kwa taabu kwamba huwezi kufika kwenye la pili kabla ya kulimaliza la kwanza. Mkesha wa Krismasi tumekaanga samaki, ndoo ya taka imejaa maganda ya vitunguu, kitambaa cha kufutia vyombo hakijakauka kwa unyevu wa Desemba, kisha tunabandika mdalasini juu ya hayo yote na kushangaa kwamba nyumba inatoa harufu ya samaki wa mdalasini. Taka zitolewe kwanza na kitambaa kifuliwe. Ama kuhusu samaki, harufu yake hutokana zaidi na kemikali za jamii ya amini, na asidi iliyomo ndani ya ndimu au siki huzibadilisha zisiweze kuruka hewani kwa urahisi. Mama zetu waliosugua kisu, ubao na viganja vya mikono kwa nusu ya ndimu kabla ya kugusa sabuni walikuwa wakifanya kemia bila kuiita hivyo.

Sufuria yenyewe, ile ndogo ya kuchemshia viungo ili nyumba inukie, ninaibandika baada ya pilau kuiva, wakati mkaa umebaki makaa machache yaliyoanza kuvaa majivu. Moto huo unatosha kabisa. Ninatia maji lita moja na nusu, vipande viwili vya magome ya mdalasini virefu kama kidole, karafuu kumi, na iliki tano nilizozipasua kwa kuzigonga mara moja tu kwa mchi. Maganda ya chungwa siyatii mwanzoni. Mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa ni mepesi na huruka upesi sana, ilhali yale ya karafuu na mdalasini hutoka polepole, kwa hiyo ukivitia vyote kwa pamoja utapata nusu saa ya machungwa na baada ya hapo viungo vitupu. Anayetilia shaka wepesi wa mafuta hayo na alikunje ganda bichi karibu na mshumaa unaowaka, akiwa ameuweka uso wake mbali: vitone vinavyoruka huwaka cheche kwa mlio mdogo, mchezo ambao watoto wa mtaani kwetu wanaufahamu kila umeme unapokatika. Basi mimi hutia maganda wageni wanapopiga hodi, pamoja na mashina mawili ya mchaichai yaliyopondwa upande wa chini, kwenye weupe.

Binzari nyembamba iache mahali pake. Niliwahi kuitia, na wageni wakaanza kuulizia sahani.

Kuhusu karafuu, ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayobeba kazi kubwa na ndiyo tunayouziwa ikiwa imechoka. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kuchanua kisha likaanikwa, na nguvu yake yote imo katika mafuta. Ninaponunua Kariakoo huomba chembe moja na kuibana kwa ukucha chini ya kichwa chake. Iliyo nzima huacha unyevunyevu wa mafuta kwenye ukucha, na ile iliyokwisha kukamuliwa au kukaa miaka gunia kwa gunia huvunjika kama kijiti kikavu. Nyumbani hurudia kipimo kwa bilauri ya maji: karafuu nzuri huzama au husimama wima, na iliyochoka huelea ikiwa imelala. Tunaoishi ng’ambo tu ya Unguja na Pemba hatuna udhuru wa kuchemsha karafuu inayoelea.

Sasa makosa yangu. Mwaka juzi sikutumia makaa bali gesi, nikaacha moto wa wastani, nikatoka kumsindikiza shangazi hadi kituoni. Daladala lilichelewa. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka, mdalasini umeshikana na kitako cha sufuria, na moshi mchungu umekwishaingia kwenye mapazia, ambayo niliyafua mara mbili bila mafanikio kamili. Tangu siku hiyo nina masharti: moto uwe mdogo kiasi cha maji kutikisika bila kutokota, maji ya moto yaongezwe kila baada ya nusu saa, mpini wa sufuria uelekezwe ukutani ili watoto wasiufikie, na mtu akitoka nyumbani jiko lizimwe. Mdalasini wa unga nao nimeuacha kabisa, kwa maana hutuama chini na kuungua hata maji yakiwa bado yapo.

Kosa la pili lilitokana na kuiga. Nilikuwa nimeona picha za machungwa yaliyochomekwa karafuu pande zote, yakiwa yamepangwa mezani kama mapambo, nikakaa jioni nzima nikichomeka hadi kidole gumba kikauma. Mapambo hayo yana asili ya nchi za baridi, ambako wakati wa Krismasi nyumba hupashwa joto na hewa ya ndani huwa kavu, kwa hiyo chungwa hunyauka taratibu bila kuoza. Hapa kwetu, penye joto la nyuzi 31 au 32 na hewa iliyojaa maji, siku ya nne chungwa langu lilikuwa na ukungu wa kijani, na sisimizi walikuwa wamejenga barabara kutoka dirishani. Badala yake ninayaanika maganda kwenye ungo juani kwa siku mbili, hadi yavunjike yakikunjwa, ndipo ninayachanganya na karafuu na magome kwenye bakuli la udongo sebuleni.

Sina ugomvi na udi wala ubani, na chetezo cha bibi yangu ningali nacho. Hata hivyo, katika chumba kidogo makaa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu, kwa hiyo chetezo na hilo jiko langu hukaa penye mlango na madirisha wazi, na mgeni mwenye pumu akiwepo sifukizi chochote. Sufuria nayo ninaiepua akianza tu kukohoa.

Maji yanayobaki usiku siyalazi hadi kesho yake, kwani kwa joto hili huchacha. Ninayachuja, ninayaacha yapoe, na kuyamimina kwenye ndoo ya kudekia sakafu ya saruji, isipokuwa siku niliyotia maganda ya nanasi, ambayo sukari yake huwarudisha wale sisimizi.