Kioo kinapigwa chapa, hakichongwi

Mdogo wangu, umeuliza ni patasi gani inayoweza kuweka kwenye kioo alama yenye kimo cha atomu. Hakuna patasi. Ni muhuri na moto.

Hapa kwetu Mikindani niliwahi kuweka beseni la plastiki juu ya mkeka likiwa bado limelainika kwa joto la jiko, na juu yake sufuria ya maji. Lilipopoa, kitako kilikuwa kimebeba msuko wote wa ukili, hadi kijiuzi kimoja kilichochomoza. Kazi ni hiyohiyo. PMMA, ile plastiki angavu kama kioo, hulainika kuanzia nyuzi joto 105 hivi za Selsiasi, kioo cha dirisha karibu 550. Unakandamiza, unaacha kipoe kikiwa bado kimebanwa, ndipo unabandua. Ukiwahi kubandua, uso laini unajisawazisha na alama inapotea.

Mhandisi Stephen Chou wa Marekani alionyesha njia hii mwaka 1995, kwa alama za nanomita 25 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Utamu wenyewe uko kwenye muhuri. Ili kufikia kimo cha atomu hutumika yakuti samawi iliyokatwa kwa mshazari mdogo mno, kisha ikachomwa kwenye nyuzi joto 1000 hivi: atomu zinajipanga zenyewe kuwa ngazi, kila kipandio nanomita 0.2 hivi. Watafiti wa Japani wamezihamishia ngazi hizo kwenye kioo na kwenye plastiki. Mnyororo wa molekuli ya plastiki ni mrefu kuliko kipandio chenyewe, na bado unakifuata! Hapo ndipo mimi hustaajabu kila nikisoma.