Rigol DS1054Z haionekani kwenye kompyuta

Kaka, kama umechomeka hiyo oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya DS1054Z kwa USB na kompyuta haioni kitu, cheki kwanza umechomeka wapi, maana lile tundu la mbele ni la flashi, la kompyuta liko nyuma, lile la mraba kama la printa. Halafu usihangaike kutafuta namba ya COM (jina la poti ya siriali kwenye Windows), hii haiji kama siriali, inaongea USBTMC, lugha ya USB ya vifaa vya kupimia, so kwenye Windows weka NI-VISA, programu ya kuongea na vifaa hivyo, ndo itaiona, Linux draiva imo tayari kwenye keneli utakuta /dev/usbtmc0, ikigoma kufunguka mara nyingi ni ruhusa tu, jaribu na sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi. Ikionekana itumie amri ya *IDN?, ya kuiuliza we ni nani, ikikujibu jina na namba yake umemaliza, mengine ni Python na pyvisa, maktaba yake ya kutuma amri hizo.

Ila sikia, hapa ndo watu wanaunguza vitu: klipu ya ethi ya probu (waya wa kupimia) imeungana moja kwa moja na gamba la USB na ethi ya ukutani. Ukiibana upande wenye moto wa saplai ya TV, yaani ulioungana na umeme wa ukutani, ni shoti hapo hapo, na laptop inaweza kwenda nayo. Mi nikiwa na USB napima vya betri tu.