Unatafuta Miksa ya Kuskrachi? Anza na Krosifeida

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimejichanga vya kutosha, nataka miksa moja tu, ya kuskrachi na ya kutumia na laptopu. Nichukue yenye padi nyingi au yenye efekti nyingi?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, kwamba si hii wala si ile, angalia krosifeida, kile kitelezi cha miksa kinachofungua na kukata sauti unaposkrachi, yaani unaposukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono. Halafu nikaona jambo hili lina historia yake kwangu, na kidonda chake hakijafunga vizuri. Acha niliandike lote.

Nilipoanza sikuwa na miksa. Nilikuwa nasubiri ma-DJ wakubwa wapange vyombo, kisha nipewe dakika chache kwenye mashine yao kabla watu hawajaingia. Ilikuwa miksa ya klabu, chaneli nne, nzito, kila mtu anaitamani. Nyumbani nilifanyia mazoezi kwenye ukingo wa meza, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, mpaka krabu, ule mtindo wa skrachi wa vidole kugonga feida mfululizo, ikanikaa mkononi. Siku moja nikapewa nafasi mbele za watu. Nikaachia krabu yangu, na kilichotoka kwenye spika kilikuwa mithili ya mtu anayeongea ana tonge mdomoni. Nikifunga, sauti inachelewa kukatika. Nikifungua, inachelewa kuja. DJ mmoja mkubwa, jina lake nalihifadhi, akashika kipaza sauti akasema kijana anapiga kelele tu, arudi kubeba spika. Watu wakacheka, na spika nikabeba kweli.

Ya katikati nayaruka, ni mazoezi matupu. Mwezi uliopita nimeitwa kuwa jaji kwenye pambano la skrachi, na yule bwana alikuwa miongoni mwa waliokuja kunisalimia kwa mikono miwili. Simsemi. Ninachosema ni kwamba mkono wangu wa siku ile haukuwa na kasoro. Kifaa ndicho hakikuwa cha kazi ile.

Miksa nyingi za klabu zimetengenezwa kwa ajili ya kuunganisha nyimbo taratibu. Krosifeida yake inafungua sauti kidogo kidogo, kutoka ukingoni hadi katikati. Skrachi haitaki hivyo. Tangu DJ Grand Wizzard Theodore aanze mambo haya kule Bronx, New York, katikati ya miaka ya 1970, kazi imebaki ile ile: mkono mmoja juu ya santuri, mwingine unakata sauti. Ili ikatike, feida lazima ifungue sauti yote ndani ya milimita moja hivi kutoka ukingoni. Ndiyo maana miksa ya kuskrachi huwa na kidhibiti cha kubadilisha mkunjo wa krosifeida, kutoka ulaini wa kuunganisha nyimbo mpaka ukali wa kisu. Nyingine zinakuruhusu hata kuchagua umbali wenyewe wa kukata. Na ziwe na swichi ya kugeuza upande, ile tunayoiita hamsta. Usiidharau kwa sababu wewe huitumii leo. Kuna watu fleya zao, mtindo mwingine wa skrachi, hazitoki bila hiyo.

Kupima ni rahisi. Piga toni moja isiyobadilika, funga krosifeida kabisa, kisha isogeze polepole na kucha. Sikiliza sauti inaingia wapi. Ikiingia umeshafika robo ya njia hata baada ya kuweka mkunjo mkali kabisa, shukuru, aga, ondoka. Ikiwa imefungwa na bado unasikia mnong'ono kwenye hedifoni, hiyo inavuja, ondoka haraka zaidi.

Halafu uliza feida imetengenezwaje. Za kizamani zina utepe wa kaboni unaosuguliwa, na kila krabu unayopiga inaula utepe huo. Utaanza kusikia mikwaruzo, kisha sauti inakatika yenyewe katikati ya seti. Za kisasa hazigusani ndani. Kampuni ya Rane wanatumia sumaku, Pioneer DJ nao wana mfumo wao wa sumaku waliouita Magvel, uliomo kwenye miksa yao ya DJM-S9 ya mwaka 2015 na ndugu zake waliofuata. Innofader, feida inayouzwa peke yake, inasoma mahali feida ilipo kwa umeme bila kugusana. Mimi sasa sichukui feida ya kugusana hata nikipewa bure. Labda nikipewa bure, nitaing'oa niweke nyingine.

Sasa upande wa laptopu, ambako ndiko watu wanakoibiwa macho na taa. Mwaka 2004 Rane na Serato, kampuni ya programu za DJ, walitoa mfumo wa Scratch Live, ikiwa na kisanduku cha kadi ya sauti kinachokaa kati ya santuri na kompyuta. Mwaka 2006 ikaja miksa ya TTM 57SL, kadi ikaingia ndani ya miksa, nyaya zikapungua. Utaratibu haujabadilika sana. Santuri ya kudhibiti ina toni badala ya muziki, kwa Serato ni 1 kHz, na programu inasoma toni hiyo kujua unaisukuma mbele au unairudisha, kwa kasi gani. Wimbo uko kwenye kompyuta, mkono uko kwenye santuri.

Kwa hiyo kuona tundu la USB nyuma ya miksa hakutoshi. Kuna miksa ambazo USB yake ni ya kurekodi tu. Kuna zenye kadi ya sauti lakini programu inazikubali baada ya wewe kununua leseni ya DVS, yaani ule mfumo wa kuendesha nyimbo za kompyuta kwa santuri. Na kuna ambazo leseni imeshaingia ndani, unachomeka unapiga. Uliza neno kwa neno: je, inafungua DVS, kwa programu ipi, na leseni imo? Muuzaji akianza kukueleza rangi za padi, mrudishe kwenye swali.

Jambo jingine ni ucheleweshaji. Ukiweka bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inajaza kabla ya kuitoa, ya sampuli 512 kwa 44.1 kHz, hapo peke yake umeshapoteza takriban milisekunde 11.6. Ukishuka hadi 128, ni karibu 2.9. Mkono wa skrachi unaisikia tofauti hiyo hata kama sikio la msikilizaji halijui kuitaja. Miksa yenye dereva nzuri inakuwezesha kushuka bila sauti kukwaruza, na kompyuta yako nayo iwe na nguvu, tusiibebeshe miksa lawama zote.

USB mbili nazipenda kwa sababu moja tu: DJ anayefuata anachomeka laptopu yake wewe bado unapiga, hakuna ukimya. Padi, vile vitufe vya kugonga, zinafaa kurukia alama kwenye wimbo, sikatai. Efekti sina la kusema.

Vijana wangu, mnapenda sana kununua jina. Mnaona bingwa fulani kwenye video, mnakopa ili mpate mashine yake, kisha mnakaa nayo chumbani mnapiga picha. Bingwa yule alizaliwa na mashine gani? Kaa na feida yako. Piga transfoma, mtindo wa kukatakata sauti kwa feida, polepole kwenye biti moja mpaka majirani walijue jina lako. Asubuhi piga, jioni piga. Anayekucheka leo mwache acheke, ana haki yake, kesho atatafuta nafasi ya kukusalimia. Nimeyaona kwa macho yangu, siyo ya kusimuliwa.

Na msidharau vya mtumba. Miksa nyingi za zamani zinakubali kubadilishwa krosifeida, na ukiunganisha kisanduku cha nje cha DVS, inakuwa ya kidijitali kwa kazi yote unayoihitaji. Kagua kwanza kama matundu ya phono, ya kuchomekea vicheza santuri, yote mawili yanatoa sauti pande zote, kushoto na kulia, na kama skrubu ya kufungia waya wa ethi ipo. Isipokuwepo, vicheza santuri vyako vitavuma usiku kucha. Vestax, watengenezaji wa miksa, walifilisika mwaka 2014, vipuri vyao vimekuwa adimu, lakini mwenye miksa yao ya PMC-05 ambayo haijachakachuliwa asimuuzie mtu kabla hajaniuliza mimi.